Siku Edita Alipodai Neno Lake

Mwanangu, kuna siku moja ninayoikumbuka hata nikiwa nimesahau nilikoweka miwani yangu. Ni siku niliyokula hotelini kwa mara ya kwanza, pale Masasi mjini, enzi za Mwingereza, mimi na rafiki yangu Edita. Usicheke. Najua wewe umefika Dar es Salaam na kwingineko, na Masasi kwako ni mahali pa kushuka kwenye basi ununue korosho. Kwetu sisi watu wa Newala siku zile, Masasi ndiyo ilikuwa Ulaya yenyewe. Nilikwenda, nikatembea, nikala, nikarudi, na tangu hapo sijaacha kumshukuru yule mwanamke. Kaa vizuri nikueleze, na hiyo simu iweke chini.

Edita alikuwa Mmakua wa Masasi, mtoto wa mwalimu. Baba yake aliletwa kijijini kwetu huku juu mlimani kufundisha shule ya kanisa, akaja na mke na watoto. Sisi ni Wamakonde na Waislamu, wao Wakristo tangu babu yao, lakini mimi na Edita tulikutana kwenye maji. Wakati ule huku juu hatukuwa na bomba wala kisima. Maji tuliyafuata bondeni, unashuka na mtungi alfajiri, unapanda nao jua limeshakuwa kali. Siku ya kwanza Edita aliposhuka nasi, wakati wa kupanda alikaa juu ya jiwe katikati ya mlima akasema kwa sauti, "Jamani nyie Wamakonde, nani aliwadanganya mkajenge mbinguni, maji mkayaacha duniani?" Wanawake wakacheka mpaka mmoja akamwaga mtungi wake. Nikamjibu, "Na nyie Wamakua mnaolala na maji mlangoni, mbona visigino vyenu vina vumbi kuliko vyetu?" Basi, urafiki ukaanzia hapo.

Hapa lazima nisimame kidogo, maana nyie vijana jambo hili mnalisikia jina tu. Mmakua na Mmakonde ni watani. Myao naye yumo. Mtani anaweza kukusema vibaya mbele za watu, akakunyang'anya kitoweo mkononi, na wewe huruhusiwi kununa. Ukinuna, wewe ndiye huna adabu. Lakini huyo huyo, siku ukifiwa, ndiye anayekuja kufanya kazi ambazo ndugu wameshindwa kwa majonzi, na anawatania wafiwa hapo hapo msibani ili wapate kupumua.

Kiangazi kile mama yangu alifariki. Nilikuwa msichana mkubwa, nimeshatoka unyagoni, nina ndonya yangu kwenye mdomo wa juu, kile kipande cha mpingo cha duara walichovaa bibi zetu. Mama ndiye aliyenivalisha kwa mkono wake, na kila alipobadilisha akaweka kikubwa zaidi, alirudi nyuma akanitazama na kusema, "Somoe, umependeza." Baadhi ya wenzangu walikuwa wameshaanza kuiacha. Mimi niliipenda. Mama alipoondoka, chakula kilinikataa. Nagusa ugali, naacha. Nguo zikaanza kunipwaya, na baba akawa ananitazama kwa jicho la mtu anayeogopa kuzika tena.

Shule ilipofunga, baba yake Edita alikuja nyumbani akamwambia baba yangu, "Baba Somoe, niruhusu nishuke naye Masasi likizo hii. Akatembee, aone watu. Huenda akala." Baba akakubali. Alivua kofia yake akajifuta nayo macho, akadhani sikumwona.

Tulipanda lori la mihogo. Edita hakunyamaza njia nzima. "Nitakupeleka hotelini," akasema. "Huko hakuna kukaa mkekani. Unakaa mezani, unaletewa, na chai inakuja kwenye kikombe na kisahani chake. Ila wewe, Mmakonde, usiombe kisahani. Unacho mdomoni." Loo! Nilicheka, mwanangu. Tangu msiba sikuwa nimecheka namna ile. Nilicheka mpaka utingo akatuchungulia kuuliza kuna nini, na Edita akamwambia, "Mwache, huyu anahesabu vyombo vyake."

Masasi nikaiona. Nilionyeshwa kanisa kubwa la mawe na kengele yake, na maduka ya Wahindi ambako mafundi cherehani walikaa barazani wakikanyaga utadhani wanashindana. Nilionyeshwa ile milima ya mawe iliyosimama juu ya mji, ambayo kwa kweli niliogopa kuipa mgongo. Lakini mahali nilipopapenda kuliko pote ni uani kwao Edita. Walikuwa na kisima. Kisima uani! Nilikaa pale kila asubuhi nikitazama mtu anachota, anageuka, mara keshafika jikoni. Mama yake Edita alidhani naumwa. Edita akamwambia, "Mwache mama, wageni wengine wanataka kuona kanisa, wetu amekuja kuhiji kisimani."

Siku moja kabla ya kurudi, baba yake alitupa za chai, tukaenda hotelini. Mwenye hoteli alikuwa mzee mmoja mnene, mtu wa Lindi, na Edita alimwamkia shikamoo kwa heshima zote kama mteja wa kila siku, kumbe na yeye alikuwa ameingia mle mara moja tu. Kulikuwa na meza, mabenchi, na santuri ikiimba pembeni. Nikakaa. Nikaweka mikono juu ya meza, nikaiondoa, nikairudisha tena. Tukaletewa wali na mchuzi wa nyama. Ile harufu iliponifikia tumbo likanguruma, na nilifurahi kuliko ninavyoweza kukwambia. Njaa ilikuwa imerudi. Nilikuwa nimeisahau kabisa.

Mkono ulikuwa umeshafika kwenye wali niliposikia sauti meza ya pili. Walikaa pale vijana watatu wa mjini, kaptula zimepigwa pasi, soksi zimepanda mpaka magotini. Mmoja wao alimwambia mwenye hoteli, bila hata kunitazama, "Mzee, yule mpelekee kikombe tu. Kisahani amekuja nacho."

Wenzake wakaangua kicheko. Watu wa meza nyingine wakageuka.

Maneno yale yale, mwanangu! Yale yale ya kwenye lori, yaliyonichekesha mpaka nikashika mbavu. Lakini pale yaliniingia kama maji ya moto. Nikaurudisha mkono. Nikavuta kanga nikafunika mdomo, na njaa yote ikaniishia. Moyoni nikasema, nikitoka hapa naivua ndonya hii naitupa. Papo hapo nikamwona mama akirudi nyuma ili anitazame vizuri, na machozi yakaanza kunitoka mbele ya wali wangu. Nikamwambia Edita polepole, "Twende nyumbani."

Edita alinawa mkono, akainuka, akaenda kusimama mbele ya yule kijana. Alikuwa mfupi, Edita. Hata yule akiwa amekaa, macho yao yalilingana.

"Kaka, samahani," akasema. "Hilo neno umeliokota wapi?"

"Neno gani?"

"La kisahani. Hilo ni langu. Mimi ni Mmakua, mtani wake, na nililisema tukiwa kwenye lori. Sasa nashangaa limefikaje kinywani mwako."

Yule kijana akacheka. "Dada, tulia. Mimi Myao. Wamakonde ni watani zangu vilevile."

Watu wakacheka naye, maana alikuwa na haki. Nilitamani ardhi ipasuke. Nikasema haya, yamekwisha, sasa tutaondoka hapa kwa aibu wote wawili.

Edita akatikisa kichwa taratibu. "Vizuri sana. Kumbe tuko wawili, na mimi nimekuwa nikijitaabisha peke yangu! Basi, mtani, huyu kafiwa na mama yake kiangazi hiki. Mimi nilikwenda. Nilichota maji kule bondeni kwao, nikatwanga, nikapika. Nilijifunga kanga ya marehemu nikaiga mwendo wake, mpaka huyu akacheka huku analia. Watani wengine walikuwepo pia. Wewe sikukuona. Ulikuwa wapi?"

Mwanangu, mwenye hoteli alikwenda akaizima santuri. Akasema, "Mjibu, kijana. Umeulizwa."

Kijana alitazama sahani yake. "Sikupata habari," akasema.

"Sasa umepata," Edita akamwambia. "Mpe pole mwenzio."

Nikadhani atatukana. Hakutukana. Alisimama, akaja mezani kwetu, akainama kidogo mbele yangu, na kwa mara ya kwanza akanitazama usoni. "Pole kwa msiba, mtani," akasema. "Sikujua." Nikaitikia, "Nimeshapoa." Tulipokuwa tunashikana mikono, Edita alikuwa ameshachukua sahani ya nyama ya yule kijana, anakuja nayo. "Na hii ni ya matanga," akasema. "Umechelewa, lakini tunaipokea." Akaimimina yote kwenye sahani yangu!

Hoteli nzima ilicheka, na yule Myao alicheka kuliko wote. Alishika kichwa akasema, "Nimeibiwa mchana kweupe, na mwizi ana haki!" Halafu akanigeukia. "Haya mtani, sasa kile kisahani unaniazima, maana changu mmekichukua?"

Safari hii aliniuliza mimi, usoni, kama mtu anayemwuliza mtu. Nikaiondoa kanga mdomoni. Nikamwambia, "Sikuazimi. Mimi angalau nimekuja na chombo. Wewe umekuja hotelini na mdomo mtupu."

Wee! Mzee wa Lindi alipiga meza kwa kiganja. Nami nikala. Chai ilipoletwa niliiinua ndonya kwa kidole kama tulivyozoea nyumbani, nikanywa mbele ya watu wote, na hakuna aliyenikodolea macho. Nilikula wali wangu, nikala nyama ya Myao, nikalamba vidole. Na usiniulize kama alikuja kunioa. Nyie mnataka kila habari iishie kwenye harusi. Hakunioa. Alirudi kwenye kazi zake, na mimi nikarudi Newala.

Tulipofika, jambo la kwanza nililomwambia baba baada ya shikamoo ni, "Nina njaa." Alikwenda kuwasha moto mwenyewe, baba yangu, mtu ambaye sijawahi kumwona akigusa kuni.

Ndonya niliivua miaka mingi baadaye, nikiwa na watoto, kwa kupenda kwangu na kwa moyo mweupe. Sikuivulia mezani kwa watu, nikikimbia kicheko. Hilo alinipa Edita. Nimeolewa, nimezaa, nimekula kwenye meza nyingi, na kila ninapokaa nikala bila kujificha najua ni nani aliyeniweka pale. Nilimwambia asante mara nyingi akiwa hai. Yeye alikuwa akijibu, "Nenda zako, mimi nilitaka nyama tu."

Masika yaliyopita alitutoka. Nilishuka Masasi na magoti yangu haya mabovu. Walipotaka kulitoa jeneza, nililala mlangoni. Nikasema halipiti, Mmakua huyu anaondoka na kanga yangu aliyoazima tukiwa wasichana, nirudishiwe kwanza. Vijana wakaona haya. Mmoja akaja kuniinua, "Bibi, tafadhali, huu ni msiba." Lakini binti yake Edita, aliyekuwa hajanyanyua uso tangu asubuhi, aliniona pale chini nikidai kanga, akacheka. Alicheka, kisha akalia kilio kikubwa kilichokuwa kimemkaa kooni, na watu wakamshika. Ndipo nikainuka nikawapisha. Nilikwenda nyuma ya nyumba, mahali ambapo mtu hanioni, nikamlilia rafiki yangu.

Sasa sikia ninalokwambia, mwanangu. Kabla hujamcheka mtu, jiulize ulikuwa wapi siku alipolia. Kama hukuwepo, nyamaza, au nenda kwanza ukampe pole. Na wewe ukichekwa, usikimbilie kujibadilisha. Mtazame anayekucheka. Kama ni yule aliyekuchotea maji siku ya msiba wako, cheka naye, maana ananuia kukuinua. Kama siye, kula chakula chako. Na ukimwona mwenzio amefunika mdomo mbele ya watu, usimnong'oneze kwamba mwende nyumbani. Inuka wewe, umsemee, mpaka apate sauti ya kujisemea.

Mungu akujalie mtu wa kukutania na kukulinda, na akujalie uwe mtu huyo kwa mwingine. Uende salama, urudi salama, na popote utakapokaa kula, ule umeinua uso. Amina.