Kilio cha Aliyekwenda Bama

Baba yangu mdogo alichukuliwa kuwa askari wa Keya, jeshi la Waingereza, kabla sijazaliwa, akapelekwa Bama, yaani Burma, kupigana na Wajapani. Vita ilipokwisha, wenzake kutoka kijiji jirani cha Suma walirudi wakasema alibaki kwenye kilima siku ya mapigano, na kwamba hawakumwona akifa. Kwa neno hilo la mwisho bibi, mama yake, alikataa kuweka msiba. Aliendelea kupalilia migomba ya mwanawe kijijini kwetu Kisondela, kando ya migomba yetu, na hakumruhusu mtu mwingine kukata mkungu humo. Nilikua nikiona hivyo na sikuuliza.

Miaka ya vijiji vya ujamaa, halmashauri ya kijiji iliamua kwamba shamba ambalo mwenyewe hayupo lipandwe chai ya kijiji. Mwenyekiti alikuwa binamu wa baba, mtu mpole. Alikuja nyumbani, akanywa maziwa ya mgando aliyopewa, akafuta mdomo, ndipo akasema.

"Mama, lile shamba ni la nani?"

"La mwanangu."

"Yuko wapi?"

"Yuko Bama."

"Kama yuko Bama, kijiji kitapanda chai. Kama amefariki, ni la kaka yake, na mimi sina neno. Lakini nataka nisikie kwako, si kwa kaka yake."

Baba alikuwa amekaa hapo hapo. Alitazama mlango. Lolote ambalo angesema lingekuwa la kujipatia shamba.

Bibi aliendelea kupalilia kwa siku kadhaa. Kisha akamwambia baba atangaze msiba.

Kwetu, mwili usipopatikana, tulikata mgomba wenye urefu wa mtu, tukauvika shuka, tukauzika. Lakini kabla ya udongo kutupwa, lazima ndugu wa marehemu asimame aeleze amekufa kwa nini: kama ni ugonjwa, ugonjwa gani, kama ni mkono wa mtu, mtu gani, na waligombania nini. Asipoeleza, wazee hawaziki. Baba alisema yeye hajui. Bibi akaninyooshea kidole.

"Huyu mume wangu ananimalizia mafuta ya taa kwa vitabu. Leo na aseme vimemfundisha nini."

Watu wakacheka. Nilikuwa kijana aliyeishia darasa la nne. Kiingereza nilijifunza mwenyewe kwa vitabu vikuukuu vya sokoni Tukuyu, na baadhi vilihusu vita hiyo. Nikaeleza kwa utaratibu. Waingereza walitawala India na Bama kama walivyotutawala sisi. Mjapani alipoiteka Bama, India ikawa hatarini. Askari wa Waingereza wenyewe hawakutosha, maana walikuwa wakipigana Ulaya na jangwani kaskazini mwa Afrika, hivyo wakachukua watu wa makoloni. Wamarekani, waliokuwa upande wao, walitaka barabara ya kupeleka silaha China, na barabara hiyo ilipita Bama.

Mzee mmoja aliyekuwa mpagazi wa Waingereza katika vita ya kwanza, ile ya Mjerumani, aliuliza, "Hao Wajapani, wakati wetu walikuwa upande gani?"

"Upande wenu, mzee. Walikuwa na mkataba na Waingereza."

"Mkataba ukaenda wapi?"

"Uliachwa. Wamarekani hawakuupenda, na Waingereza waliwahitaji zaidi Wamarekani."

Mzee akafikiri. "Kwa hiyo mimi nilibeba masanduku upande mmoja na huyo aliyemuua mtoto wetu. Na mgongo unaniuma mpaka leo."

"Mgongo wako unauma kwa uvivu," mwenzake akamwambia.

Mzee aliyesimamia maziko hakucheka. "Vita tumeisikia. Nauliza marehemu na huyo Mjapani waligombania nini. Ng'ombe? Mwanamke?"

"Hawakugombana. Hawakujuana."

"Haiwezekani. Mtu huuawa na mtu anayejuana naye. Hapa hujatuambia kitu."

Nikarudia kueleza, mara hii polepole. Akasikiliza mpaka mwisho, akatikisa kichwa. Mvua ilianza kunyesha na shuka ikagandamana na mgomba. Wenye majembe wakayalaza chini, wengine wakaenda kujikinga chini ya paa. Mwenyekiti alikuwa amesimama nyuma, akisubiri kama watu wote. Nilielewa kwamba wasipozika, chai itapandwa.

Bibi akainuka. Alimwuliza yule mzee msimamizi, "Nani alimtoa hapa nyumbani?"

"Waingereza."

"Tuliwajua?"

"Tuliwajua."

"Basi ndio waliomuua."

"Na ugomvi?"

"Walimchukua bila kuniuliza. Nilikuwa nimesimama pale mlangoni, wakapita."

Wazee wakanong'onezana kidogo. Kisha yule msimamizi akasema jibu limetosha. Kwa jinsi nilivyosoma mimi, halikuwa sahihi. Nikaokota jembe moja.

Mgomba ukashushwa kaburini. Bibi alitupa udongo, akafuata baba. Mwenyekiti alipomaliza zamu yake alipangusa mikono, akamwendea bibi.

"Nimesikia, mama."

"Umesikia nini? Sema mbele ya hawa."

"Kwamba amefariki. Shamba ni la kaka yake."

Bibi akaitikia kwa kichwa. Hakulia, wala sisi hatukulia. Alirudi jikoni kutazama kama ndizi za wageni zimeiva.