Mwavuli wa Karani
Kila alasiri karani mstaafu wa Wabelgiji huja kibarazani kwa Kadiri, fundi cherehani wa Gisenyi, akakohoa kidogo, kisha akamsomea riwaya ya Kifaransa akiigeuza Kiswahili papo hapo. Sauti yake ni ya chini. Kidole hufuata mstari, na magotini hulala mwavuli mdogo wa kike. Hata mvua imkute njiani haufungui, na Kadiri humpigia kelele, "Mzee, fungula mwavuli!" Yeye hucheka tu, akaenda zake.

Leo, kwa mara nyingine, bwana wa kwenye riwaya anapangusa vumbi kofia ya marehemu mkewe na kuirudisha msumarini. Kadiri anasimamisha cherehani.

"Kofia tena! Juu ya nini mwandishi hasemi tu kama ule bwana iko na huzuni?"

"Akisema, utasikia mara moja, itapita," karani anajibu, kiganja kikilainisha kitambaa cha mwavuli. "Lakini kofia, kila ukiiona, roho inakuuma tena."

Mvua inaingia kutoka ziwani. Karani anaaga, anauficha mwavuli ndani ya koti usilowe, anashika njia kichwa wazi. Kadiri anafungua kinywa amwite kama kawaida, halafu anakifunga.