Kepi wetu alivyofungiwa geti wiki ya kustaafu, na hadi leo sijamsamehe

Wakuu, salamu kwenu. Mlio ofisini mkijifanya mko bize na mlio cyber mkiomba dakika zisiishe, wote nawasalimu.

Hii si hadithi ya kuambiwa. Nilikuwepo, na ufunguo ulikuwa mfukoni mwangu. Mkiona naandika kwa hasira, ni kwa sababu nina hasira.

Mimi nacheza raga. Klabu yetu si ya majina makubwa. Uwanja uko upande wa Loresho, katikati ya majirani wenye mbwa wakali na nyua za miiba ya kaiyaba, lakini sisi wachezaji wengi tunatoka Uthiru na Kangemi. Maji ya bafu hutoka Mungu akipenda.

Nahodha wetu anaitwa Mutinda, ingawa hakuna anayemwita hivyo. Ni Kepi tu, hata kwa mke wake. Alijiunga na klabu akiwa ametoka shule juzi, na hajawahi kuvaa jezi nyingine. Alicheza prop, yule mtu mzito wa mstari wa mbele anayebeba scrum, ule msukumano wa vichwa na mabega, kwa shingo.

Klabu moja kubwa ya mjini iliwahi kumtaka. Walimwahidi kazi nzuri, ofisi yenye zulia. Nilimwambia, "Kepi, si uende? Mimi ningekuwa nimeenda jana."

Akaniuliza, "Na nani atafunga geti?"

Mnaona mtu wa aina gani huyo?

Sasa hiyo geti ndiyo mzizi wa fitina, kwa hivyo wacha nieleze. Mazoezi ya Alhamisi huanza saa kumi na mbili jioni. Ikifika saa hiyo, Kepi anafunga geti kwa mnyororo na kufuli. Ukifika baadaye, unabaki nje. Na Jumamosi huchezi. Unavaa bibu, ile fulana ya akiba isiyo na mikono, ya rangi ya machungwa, inayonuka jasho la miaka, na unawabebea wenzako maji.

Haijalishi wewe ni nani au una sababu gani. "Kila mtu ana sababu," ndivyo alivyokuwa akisema. Nimeisikia hiyo sentensi mpaka nikaiota.

Kuna kijana wetu mmoja, Brayo, pia prop. Alichelewa Alhamisi moja kwa sababu bibi yake alikuwa amejifungua mchana huo. Alikuja mbio kutoka maternity, bado anacheka peke yake kwa furaha. Kepi akampongeza kupitia kwa waya wa geti, akampa mkono kupitia kwa waya, akauliza mtoto ameitwa nani. Geti hakufungua. Jumamosi, baba mtoto akabeba maji.

Tulinung'unika wiki nzima. Brayo mwenyewe hakulalamika.

Haya. Msimu uliopita Kepi akatangaza kwamba magoti yamekataa, anastaafu. Mechi yake ya mwisho ikaangukia siku mbaya zaidi: tukishindwa, tunashuka ligi ya chini. Kwa hivyo ilikuwa kwaheri na mtihani kwa pamoja. Mama yake alikuwa anakuja kutoka Machakos na akina mama wa kanisa. Mbuzi walishanunuliwa. Mke wa Kepi alikuwa ameagiza keki yenye umbo la mpira wa raga, ingawa ilipokuja ilifanana na kiazi kitamu.

Mimi nilikuwa makamu wake, na ndiye niliyekuwa narithi. Jumanne ya wiki hiyo akanipa ufunguo wa geti.

"Alhamisi utafunga wewe," akasema. "Nataka nione kama unaweza. Usifungulie mtu."

Nikasema sawa. Ningejua, ningeutupa kwa mtaro.

Alhamisi ikafika. Saa kumi na mbili kasorobo, kila mtu yuko isipokuwa Kepi. Nikampigia simu, haipatikani. Nikasema atakuja, huyu hajawahi kuchelewa tangu kuumbwa kwa dunia. Saa kumi na mbili ikagonga. Vijana wote wananiangalia. Kocha naye ananiangalia.

Nikafunga. Mkono wangu mwenyewe.

Tulikuwa hatujamaliza kuzunguka uwanja mara ya kwanza tulipomwona. Anakuja mbio kwenye barabara ya murram, suti ya kazi, tai imepinda begani, viatu vya ofisi vimejaa vumbi, na mgongoni gunia kubwa. Mnajua lilikuwa na nini? Soksi zetu! Soksi mpya za Jumamosi. Alikuwa amepitia tao, katikati ya mji, baada ya kazi kuzichukua kwa fundi, halafu akakwama kwa foleni ya stage ya matatu, maana tangu serikali ianze ile mambo ya mikanda ya viti magari hayabebi watu wa kusimama. Mtu amechelewa kwa kazi yetu wenyewe!

Nikatoa ufunguo, nikakimbia kwa geti.

"Usifungue," akasema, huku anahema.

"Kepi, wacha mchezo."

"Njoroge, nimesema usifungue. Ni saa ngapi?"

"Lakini ulikuwa umeenda kuchukua soksi zetu!"

"Kila mtu ana sababu."

Wakuu, nilitaka kumchapa. Nilimwambia mambo ambayo sitaandika hapa kwa sababu moderator ataifuta. Nikamkumbusha mama yake. Nikamkumbusha keki. Nikamwambia tunaweza kushuka ligi kwa sababu ya kichwa chake kigumu kama jiwe la kusagia. Aliyasikia yote akiwa ameshika waya, kisha akarusha gunia la soksi juu ya geti, akasimama pale nje akiangalia mazoezi mpaka mwisho. Halafu akaenda zake Uthiru kwa miguu.

Ijumaa Kocha alijaribu kuongea naye. Wazee wa klabu wakajaribu. Kitu pekee alichokubali ni jina lake kuandikwa kwa reserve, na hilo tu kwa sababu Kocha alikataa kabisa kuanza mechi bila prop wa akiba.

"Lakini nitabeba maji," akasema.

Jumamosi akafika wa kwanza, amevaa bibu.

Mama yake alikuwa ameketi mbele kabisa, na leso mpya. Akanishika mkono kabla hatujaingia. "Njoroge, kijana yangu, huyu amewakosea nini? Mbona mmemvalisha hivyo mbele ya watu wa kanisa?"

Nikamwambia, "Mama, amejivalisha mwenyewe."

Akamwangalia mtoto wake akijaza chupa kwenye mfereji. Akatikisa kichwa. "Huyo ni baba yake mtupu," akasema. Akaketi.

Mechi ilikuwa vita. Mimi ndiye nahodha kwa mara ya kwanza. Brayo amechukua nafasi ya Kepi pale mbele. Kipindi cha kwanza alijitahidi vizuri, tukaenda mapumziko tukiongoza kwa pointi chache. Cha pili, prop wao, jamaa kama friji, akaanza kumkunja. Kila scrum tunarudi nyuma. Brayo anainuka na matope mdomoni.

Mashabiki wakaanza: "Ingiza Kepi! Ingiza Kepi!" Hata akina mama wa kanisa, ambao hawajui tofauti ya raga na bao. Kocha akanipigia kelele kutoka kando kwamba uamuzi ni wangu, jambo ambalo makocha husema wakiogopa.

Zikabaki dakika kidogo. Bado tunaongoza, lakini wamepata scrum karibu kabisa na mstari wetu. Wakisukuma hiyo, wanafunga, na sisi kwisha. Mchezaji wao mmoja alikuwa anafungwa bandeji, mchezo umesimama. Kepi akaingia na maji.

Nikamshika bibu. "Vua hii kitu. Ingia."

Alinywesha wengine kwanza. Kisha akaniambia polepole, Brayo hasikii, "We ndio kepi sasa. Ukisema niingie, naingia, sitabishana na wewe. Lakini Brayo alibeba maji wiki ile mtoto wake alizaliwa. Utamwambia nini Alhamisi?"

Nilimchukia, wakuu. Naapa nilimchukia kwa roho yangu yote. Angebisha, ningemlazimisha. Angeomba, ningemkubalia. Yeye akaniwekea mzigo mzima mikononi halafu akasimama hapo na chupa zake.

Nikamwangalia Brayo. Alikuwa amepiga goti, anatuangalia, na alijua vizuri sana tunaongea nini.

Nikasema, "Brayo, unaweza moja tena?"

Akatema matope. "Naweza."

Kepi akaokota chupa akatoka.

Hiyo scrum sitaisahau. Friji ikasukuma. Brayo akazama kidogo, nikafunga macho, halafu nikasikia kijana ananguruma na kitu kizima kikasimama. Hakikuenda mbele wala nyuma. Mpira ukatokea upande wao vibaya, ukapiga mguu wa mtu, nikaurukia, nikaupiga teke mpaka kwa kaiyaba ya jirani. Refa akapuliza kipenga cha mwisho.

Tulibaki kwenye ligi. Watu wakambeba Brayo. Kepi hakugusa mpira hata mara moja katika mechi yake ya mwisho. Picha ya timu ya siku hiyo iko kwa ukuta wa klabu mpaka sasa, na yeye yuko pembeni kabisa, bibu ya machungwa, ameshika chupa, anacheka kama amechukua kombe. Kila nikiiona napandwa na hasira upya. Mtu ametoa ujana wake wote kwa klabu moja, na hakuna hata dakika moja ya kwaheri!

Nilimwambia hivyo tukila mbuzi. Akaniambia nile, nyama inapoa.

Sasa sababu ya kuandika leo ni hii. Jana, Alhamisi, bosi alinichelewesha. Sababu nzuri kabisa, ya maana, naweza kuieleza mbele ya jaji. Nikafika uwanjani nikikimbia, nikakuta geti limefungwa. Brayo ndiye makamu wangu, na ufunguo nilimwachia mwenyewe.

Kando ya geti, nje, kuna mtu ameegemea waya akiangalia mazoezi. Kepi. Alikuwa amekuja kututembelea, na yeye pia alifika saa kumi na mbili ikiwa imepita.

Brayo akaja na ufunguo mkononi. Uso wake ulikuwa ule uso niliokuwa nao mimi siku ile.

Nikafungua mdomo nimpe sababu yangu. Kepi hata hakunigeukia.

"Usifungue," nikamwambia Brayo.

Kwa hivyo kesho, nahodha mzima, nabeba maji. Mama yangu anakuja kuangalia.

Nilichojifunza ni kwamba sheria ni rahisi kuitunga, na inauma siku inapokufikia wewe. Pia nimejifunza usipokee ufunguo wa mtu kabla hujafikiria. Niambieni ukweli wakuu: siku ile ungekuwa wewe, ungemwingiza? Na kama kuna mtu anajua sabuni inayotoa harufu kwa bibu, aiandike hapa chini haraka.