Risasi Katika Tuta la Dodo

"Siku ile mjinga alikuwa mimi," anasema Sulaiti, kabla hata hajaulizwa.

Ni asubuhi, jua ndiyo kwanza linachungulia. Amechutama bondeni chini ya Mvara, mjini Arua, anachuma dodo, mboga ya majani isiyokosekana jikoni huku. Mikono iko kazini. Jicho liko ng'ambo ya mfereji, kwenye matuta ya jirani yake Medina. Mkewe Norah anasema jicho hilo halijalala tangu warudi kutoka ukimbizini Zaire.

Walirudi mwaka 1986. Sulaiti, mtoto wa askari, alikuta nyumba ya babake haina bati wala mlango, akashika jembe. Siku njema huuza beseni mbili. Medina huuza sita.

"Wateja walikuwa wananipita kama kigingi," anasema. "Halafu wanarudi kuniomba kamba. Kamba ya kufunga dodo ya Medina."

Siku moja akameza kiburi, akamwuliza siri yake.

"Udongo yangu iko na mafuta, baba Sadiya," Medina akamjibu.

Mkulima yeyote angeelewa: ardhi imenona. Medina huilisha samadi ya mbuzi kila msimu. Lakini wivu una masikio yake wenyewe. Jioni ile Sulaiti alimwona Medina akitoka gereji ya kaka yake Fadhul, amekumbatia sufuria iliyofunikwa. Alikuwa amempelekea kaka yake chakula. Sulaiti akajua amekamata mwizi: mafuta yenyewe yamo humo.

Kesho yake alifika gereji na toroli. Nyuma ya kibanda, pale oili chafu humwagwa na betri mbovu hupasuliwa, udongo ulikuwa mweusi, unang'aa. Akazoa mpaka magunia yakaisha, akaenda kuumwaga kwenye tuta lake.

"Fadhul alinishukuru," anasema. "Alidhani nimekuja kumfagilia."

Mvua ya kwanza ilileta rangi za upinde wa mvua juu ya maji ya tuta. Dodo ikawa njano, ikalala. Medina alipita, akaona. Alicheka tu, na kicheko hicho, anasema Sulaiti, kilimuuma kuliko hasara.

Bwana shamba Okuonzi alipokuja, hakucheka. Alieleza kwamba oili huoza polepole, lakini madini ya risasi yaliyomo ndani ya betri hayaozi. Hukaa udongoni, huingia kwenye majani na vumbi, kisha kwenye damu. Watoto ndio huumia zaidi: huishiwa damu, na akili hudumaa. Amewaonya hivyo hivyo wanaolima juu ya jalala la mji, na wakulima wa tumbaku kule Kuluba wanaosuuza makopo ya dawa kijitoni.

"Risasi tuliikimbia mpaka Zaire," anasema Sulaiti. "Halafu mimi naenda kuileta na toroli."

Anataka kuliacha tuta hilo, apande mikaratusi ya nguzo, na mboga aihamishie Dadamu, ambako shemeji yake Driwaru amemwahidi kipande. Ndivyo alivyopanga. Tatizo ni kwamba mvua za mwaka huu zimelifufua tuta. Dodo imeota yenyewe, pana, ya kijani iliyokolea. Ndiyo hiyo anayochuma asubuhi hii. Beseni imejaa.

Medina anavuka mfereji, kanga imefungwa kiunoni.

"Baba Sadiya, hiyo inakwenda wapi?"

"Sokoni. Mahali ingine iko?"

"Okuonzi alisema nini?"

"Okuonzi alisema zamani. Angalia majani. Yako iko hivi?"

"Yangu haiko hivi."

"Basi sema kweli, mama Nasuru. Unaogopa. Leo watu watakuja kuomba kamba kwako."

Medina anainama, anachukua jani moja, analigeuza kwenye mwanga. Ni zuri kweli. Analirudisha juu ya beseni, taratibu.

"Sawa. Rudi nyumbani, Norah apike hii, Sadiya na wadogo zake wakule mbele yangu. Wakimaliza sahani, beseni nitabeba mimi mpaka sokoni, na kamba nitakupa."