Shangazi Aliyeacha Kuruka

Walisema binti wa mfuga mbuzi wa Lowarengak hatamaliza hata muhula wa kwanza. Walisema diploma ni ya watoto wa Kitale na Eldoret, na kwamba mimi nitarudi na mimba au nisirudi kabisa. Mwanangu, nilirudi Lodwar na diploma ya tibaviungo, imepigwa muhuri, jina langu kwa herufi kubwa. Nilijisomesha kwa kuuza samaki wakavu wa ziwani, na wodi nzima ya wanawake walinijua kwa jina kabla sijamaliza mwaka kazini. Nasema haya bila haya yoyote, ili ujue kwamba anayekupa ushauri huu ameusoma na ameuona kwa macho.

Katika siku zote za ujana wangu, ninayoikumbuka zaidi ni siku ya posa ya Asimit, binti wa shangazi yangu, huko Kakuma.

Ngoma yetu ya edonga ni ya kuruka, unajua. Watu wanaimba na kupiga makofi, mtu anaingia katikati anaruka. Mama wa binti akiruka mbele ya wakwe, amekwisha kuwaambia karibuni. Na shangazi yangu alikuwa mrukaji! Tangu usichana wake watu walitoka mbali kumtazama. Lakini siku hiyo alisimama pembeni, mikono kifuani. Mama wa kijana, Mama Ekal, mwanamke mrefu mwenye sauti ya kuitia ngamia, aliruka, akamwita, akaruka tena. Shangazi akatikisa kichwa na kurudi nyuma.

"Mama Asimit, miguu umeiacha wapi?" Mama Ekal akauliza. "Au mbuzi wetu wanakunukia vibaya?"

Watu walicheka kidogo, halafu wakaacha. Wageni waliondoka kabla ya chakula kuisha.

Siku chache baadaye likaja neno kutoka kwao Kanamkemer, hapa Lodwar. Mama wa binti aje, aseme mwenyewe mbele ya wazee kama anaitaka ndoa hii. Kama haitaki, mifugo yao itapata njia nyingine. Asimit alilia mpaka sauti ikakauka. Alimpenda Ekal yule, na kila mtu alijua, hata mbuzi.

Nikatumwa Kakuma kumleta shangazi. Safari ni ndefu na joto unalijua. Nikampa chupa ya maji, akakataa.

"Nimeshiba," akasema.

"Shangazi, umeshiba maji? Midomo yako imepasuka."

"Nimesema nimeshiba. Kunywa wewe."

Nikanywa, lakini macho yangu yalibaki kwake. Kila mara gari lilipovuka laga, ile mito mikavu ya mchanga, na kuruka juu ya mawe, shangazi alibana miguu na kushika kiti. Dereva akatoa mzaha mmoja mzuri kuhusu askari wa barabarani, sote tukacheka, yeye akafunika mdomo na kujikunja. Mtu mwingine angefikiri ana hasira. Mimi nilisomea miili ya watu, mwanangu. Tulipofika nyumbani kwangu nilifunga mlango wa jikoni.

"Shangazi, mkojo unakutoka?"

Aligeukia sufuria. "Nani amekuambia?"

"Hakuna. Nimekuona kwenye gari."

"Kumbe huko chuoni mnafundishwa mpaka mambo haya?"

"Haya hasa."

Hapo ndipo alipokaa chini akanieleza. Ilianza baada ya kitinda mimba wake, na alikuwa amezaa watoto saba, wa kwanza kwa uchungu mrefu sana. Alikuwa akibeba kuni kichwani kila siku kwenda kuwauzia wakimbizi kambini. Akikohoa, unatoka. Akinyanyua mzigo, unatoka. Akiruka mara moja tu, nguo imelowa. Ndiyo maana akiwa na safari alikuwa hanywi maji tangu alfajiri.

"Ningeruka nini mbele ya wakwe?" akasema. "Wangenibatiza jina jipya papo hapo. Nilidhani katika Kakuma yote ni mimi peke yangu."

Nilicheka, si kwa kumdharau. Nikamwambia wanaokuja kwangu wakisema wanaumwa mgongo ni wengi, lakini mlango ukifungwa, mgongo unapona na ukweli unatoka. Wake za maofisa wamo. Akina mama kutoka Sudan Kusini wanaoimba kwaya kambini wamo. Wanaogopa sauti ya juu ya wimbo kuliko shetani. Hata wasichana wa netiboli wamo, ambao hawajawahi kuzaa. Kila mmoja anaingia akidhani yuko peke yake. Nikamwambia pia kwamba kukataa maji kunamzidishia tabu: mkojo ukiwa mzito unakichokoza kibofu, na choo kikiwa kigumu mtu anasukuma, na misuli iliyochoka inachoka zaidi.

Lakini mazoezi huchukua miezi, na wazee walikuwa wanatungoja kesho yake. Kwa hiyo mimi, na akili zangu zote, nikashauri aseme ana goti bovu.

Shangazi alinitazama kama mtu aliyekuta nzi kwenye maziwa. "Goti? Watanipaka mafuta ya kondoo wiki nzima, na harusini wataniketisha na vikongwe. Halafu nianze kuchechemea maisha yangu yote nisisahau ni goti gani? Hapana. Binti yangu siwezi kumwoza kwa uongo."

Tukaenda. Wazee walikuwa wamekaa, nyuso zimekaza. Shangazi akasalimu, "Ejok," wakaitikia kwa ubaridi. Kabla hawajamwuliza neno, akaomba azungumze kwanza na Mama Ekal nyuma ya nyumba. Akanivuta na mimi twende.

"Mama Ekal," akasema, "mbuzi wenu ni wazuri na kijana wenu nampenda. Sikuruka kwa sababu nikiruka, najikojolea. Sasa umejua. Ukitaka kwenda kutangaza, nenda."

Mama Ekal alifungua mdomo. Mabega yakaanza kutikisika. Nikakasirika, nikidhani anamdhihaki shangazi yangu, mpaka nilipoona amebana mapaja.

"Nyamaza!" akasema. "Usiongeze neno! Nikicheka nimekwisha!"

Akakimbia chooni. Tulimsikia akicheka peke yake ndani ya choo kile cha mabati. Alipotoka alikuwa anafuta macho.

"Wewe heri yako, unatoka ukiruka," akasema. "Mimi nikisikia tu maji yanamiminwa kwenye karai, choo kinakuwa mbali kama Lokichoggio. Na nikicheka, ndiyo hayo mmeyaona."

"Na Kakuma ulirukaje?" shangazi akauliza.

"Nilikuwa nimejifunga kama mtoto mchanga! Unadhani niliondoka upesi vile kwa hasira? Vitambaa vilikuwa vimejaa."

Walishikana mikono, wakarudi mbele ya wazee. Mama Ekal akatangaza kwamba wameelewana na ndoa ipo. Mzee mmoja akataka kujua wameelewana juu ya nini.

"Ungekuwa umewahi kuzaa," Mama Ekal akamjibu, "ningekueleza."

Niliwafundisha wote wawili mazoezi katika miezi iliyobaki kabla ya harusi. Siku ya harusi shangazi aliingia katikati, akaruka, na kushuka akiwa mkavu. Mama Ekal alijifunza kukichelewesha kibofu kidogo kidogo mpaka akaacha kukimbia, ingawa tumbaku na kikohozi chake hakuviacha, na siku zingine alihitaji vitambaa. Sidanganyi kwamba kila mtu hupona sawasawa.

Sasa nisikilize, mwanangu. Kuvuja mkojo kunawapata wanawake wengi mno, katika kila boma na kila safu ya kanisa, na si laana wala uchafu. Mimba na uzazi vinachangia, hasa mtoto akiwa mkubwa au uchungu ukiwa mrefu. Umri nao, hedhi ikikoma. Unene, kisukari, kikohozi kisichoisha cha moshi na tumbaku, choo kigumu, mizigo mizito ya kila siku. Vyote vinaisumbua ile misuli ya chini ya nyonga inayobeba kibofu. Kama mama mzazi anavuja, binti naye ajichunge. Lakini kwa sababu ni jambo la wengi, usidhani ni la kuvumilia.

Kaza misuli hiyo kama unayezuia hewa ya tumboni isitoke nyuma, shikilia huku unapumua, kisha legeza kabisa. Rudia kila siku, umekaa au unakamua mbuzi, ila usifanye mchezo huo ukiwa katikati ya kukojoa. Ipe miezi mitatu kabla ya kusema haifai. Kaza kabla ya kukohoa na kabla ya kunyanyua mtungi. Gawanya mzigo. Kunywa maji yako. Ukiona damu, au mkojo unachoma, nenda hospitali. Na kama unatiririka mchana na usiku baada ya uzazi mgumu, hiyo ni fistula, tundu kati ya kibofu na njia ya uzazi. Mazoezi hayaiponyi, inashonwa na daktari, nenda upesi. Zaidi ya yote, mwambie mtu. Shangazi yangu nusura auvunje uchumba wa bintiye kwa kunyamaza, na aliyemwogopa alikuwa na shida ile ile.

Mungu akupe mwili unaokutii, na siku usipokutii, akupe mtu wa kumwambia. Akupe watoto ukitaka, na nguvu za kuwachezea ngoma harusini. Ucheke mpaka machozi yatoke, mwanangu, na yatoke machozi peke yake.