Siku Nilipomkaribisha Dubu

Jamani, aibu hii nilikusudia kuzikwa nayo, lakini mdomo wangu mnaujua. Binti yangu Ramla alikuwa na zamu ya kusimama mbele ya wazazi shuleni kwao, hapa Hounslow ughaibuni, azungumzie dubu. Si dubu hawa wa kawaida. Huyu ni wa milima ya Himalaya, wenyeji wanasema wanamwona, analala juu ya miti na viganja vyake vinashika kama vya mtu, ila wataalamu hawamtambui. Wenzake Ramla walishamcheka sana kwa ajili ya lafudhi yangu, kwa hiyo mlangoni akanisihi, "Mum, please, don't say anything," yaani nifunge domo.

Nikaapa. Sasa nilikuwa nimetoka zamu ya alfajiri, usafi kule uwanja wa ndege, miguu inawaka moto, nikajisemea ngoja nifumbe macho kidogo tu, na papo hapo mwalimu akazima taa ili tusikie sauti iliyorekodiwa milimani. Upepo. Kimya. Halafu kitu kikavuta pumzi karibu kabisa na sikio langu, kikasema, "Hoooo-dii."

Na mtu wa Tanga akipigiwa hodi usingizini anafanya nini?

"Karibu!" nikaitika kwa sauti yote. "Karibu ndani, mlango uko wazi!" Nikainuka, nikaondoa na mkoba kwenye kiti cha pembeni, mgeni akae.

Ukumbi ukaangua kicheko. Kwenye mwanga wa kompyuta yake nikamwona mwanangu machozi yakimlengalenga, nami nikatamani ardhi ipasuke.

Ndipo zikaanza hatua. Ndani ya ile rekodi, theluji ikikanyagwa taratibu, kwa uzito, zikija, zikija, mpaka kicheko kikakatika chenyewe. Ramla akabonyeza kuzima (nilimwona kwa macho yangu), akabonyeza tena, hatua zikaendelea. Zilinyamaza taa zilipowashwa. Kile kiti hakuna aliyekikalia, hata waliokuwa wamesimama nyuma.

Kwenye basi la kurudi nikamwambia, "Nisamehe, mwanangu."

Akanishika mkono, wake wa baridi. "Mama, ile sauti naisikiliza kila siku. Haina hatua." Akatazama kiti cha nyuma yetu, kitupu. "Umemkaribisha wewe. Mwambie aende."

Nikanong'ona, "Haya mgeni, kwaheri."

"Kwa nguvu, Mama! Asikie!"

Nikapaza sauti, abiria wote wakageuka, na Ramla wala hakujali. Tangu hapo hodi siitikii mpaka nione uso, na kama wewe ni ndugu yangu, utanisamehe, utangoja nje.