Jaketi Isiyopitisha Maji

Wewe ungemchagulia ipi? Juzi mtaani Wandegeya, mwendesha boda aliyelowa mpaka soksi aliingia duka la nguo akikohoa, akamwambia mama muuzaji: "Nnyabo, nipe jaketi ya mvua. Kifua kinaniua."

Muuzaji akatandaza mbili, akazimwagia maji ya chupa. Kote matone yakabingirika.

"Hii dawa yake ya kuzuia maji inadumu, lakini wanasema haiozi, ikitoka inabaki kwenye maji. Hii yenye picha ya jani haina sumu, ila ukiifua sana inaanza kulowa."

"Banange! Mimi nafua kila jioni, matope tupu. Na maji yangu ya kufulia yanaingia mtaroni kwetu Namuwongo, watoto wanachezea humo." Akanigeukia mimi, mteja mwenzake mwenye miwani. "Ssebo, wewe bwana msomi, niokoe kifua changu au watoto?"

Nina digrii ya kemia, kazi sina. Nikageuza lebo zote mbili nje ndani: neno ni waterproof tu, basi! Jamaa akaziacha zote, akajifunga kavera, mfuko wa plastiki, kifuani, akarudi mvuani.

Ninyi mnaoruhusu nguo hizi ziingie nchini, andikeni kwenye lebo ni dawa gani imepakwa na inahimili kufuliwa mara ngapi. Andikeni sasa, mtu anakohoa.